Msalaba Mdogo Pembeni mwa Hesabu

Kila mwaka baridi ikianza kupungua, shule ya binti yangu pale Okolona, kusini mwa Louisville, ilituletea karatasi ya rangi ya machungwa. Ilikuwa na picha ya watoto walioshikana mikono kuizunguka dunia, na maneno ya kutualika kwenye siku ya mataifa. Wazazi tulete chakula cha kwetu, watoto wavae nguo za kwetu. Nilipika sombe, yale majani ya muhogo, sufuria nzima, nikakaanga mandazi, binti akavaa kitenge, walimu wakala, wakasifu, wakapiga picha. Mimi si mtu wa kukataa sifa. Lakini miaka miwili nilibeba sufuria ile bila kuulizwa swali lolote zaidi ya habari za pilipili, na mwaka wa tatu, 2015, ndipo nilipoelewa kwamba walitaka tulete kila kitu cha kwetu isipokuwa akili.

Nasema hivyo kwa hasira, najua. Hasira hiyo ninayo mpaka leo na sioni sababu ya kuificha.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na moja, darasa la tano. Masika yale watoto walifanya mtihani wa kuchagua watakaoingia darasa la juu la hesabu kwenye shule ya kati. Binti ndiye aliyenieleza jinsi mambo yalivyo: anayeingia darasa lile anaendelea mpaka hesabu za watu wanaojenga madaraja na kutengeneza dawa, na asiyeingia hakuna anayemwambia hapana, anapelekwa tu kwenye chumba kingine, na kutoka chumba kile ni kazi. Alilitaka darasa hilo kuliko baiskeli. Aliandika siku ya mtihani kwenye kikaratasi, akakibandika kwenye friji, na kila asubuhi alikigusa kabla ya kwenda kupanda basi.

Alijiandaa na mimi, kwenye meza ya jikoni, nikitoka kazini ghalani bado miguu inawaka moto. Hesabu za kugawanya nilimfundisha kama nilivyofundishwa na baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi ya kanisa kule milimani, Kivu Kusini. Kwa baba, kutoa ni kazi ya kichwa. Unasema kimoyomoyo sabini na nane toa sitini na tisa, unaandika tisa tu, unaendelea. Mwanafunzi aliyejaza ukurasa kwa mistari ya kutoa alichapwa vidole kwa kupoteza karatasi, maana karatasi zilipanda mlimani mgongoni mwa watu. Na ukimaliza hesabu, unachora msalaba mdogo pembeni, umelala kama alama ya kuzidisha, na ndani ya pembe zake nne unaweka tarakimu nne za kuhakikisha. Tarakimu za kila namba unazijumlisha mpaka ibaki moja. Juu unaweka ya namba unayogawia, chini unaweka ya jibu. Unazidisha hizo mbili, unaongeza baki, unafupisha vilevile, unaandika kushoto. Kulia unaandika ya namba uliyoigawanya. Kushoto na kulia zikilingana, funga daftari ukacheze.

Binti aliupenda msalaba huo kupita kiasi. Aliuchora hata pale ambapo jibu lilionekana wazi.

Siku chache baada ya mtihani nikaitwa shuleni. Hapa inanibidi nieleze jinsi mzazi anavyoingia shuleni kwetu, maana kosa langu lote liko hapo. Nikiwa mdogo nilikaa karibu na mlango wa darasa la baba, nikawaona wazazi wakiitwa. Mzazi anaingia ameshusha mabega, na kabla hajaambiwa lolote anasema, mwalimu utusamehe, tumekusumbua. Ni kama kupiga hodi. Baba anajibu haidhuru, kaa. Ndipo maneno yenyewe yanaanza, na mara nyingine maneno yenyewe yalikuwa kumsifu mtoto. Sikumwona baba hata siku moja akiuchukua msamaha ule kuwa ushahidi.

Basi nikaingia. Alikuwepo mkuu wa shule, alikuwepo mwalimu wa hesabu, mwanamke kijana mwenye miwani, na katikati ya meza simu yenye sauti ya mkalimani, Mtanzania mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Nikasema, "Mwalimu, mutusamehe sana. Mutusamehe juu ya mutoto."

Mkalimani alitafsiri. Sina lawama naye, alitafsiri sawasawa. Wakanionyesha mtihani. Majibu yote ya kugawanya yalikuwa sahihi, hakukuwa na mstari wa kutoa hata mmoja, na kando ya kila jibu ulikaa msalaba wenye tarakimu nne. Wakasema wana wasiwasi kuhusu namna mtoto alivyoyapata majibu. Nikaitazama karatasi. Niliona misalaba imechorwa haraka, mingine imepinda, nikadhani wanalalamikia uchafu. Nikasema tena, "Mutusamehe, nitamukanya." Mkuu wa shule akaandika kitu, akanishukuru kwa ukweli wangu. Nikatoka nimefurahi kwamba nimeonyesha heshima.

Wao walikuwa na adabu yao, ya kutokusema mtoto ameiba bali kusema tuna wasiwasi. Mimi nilikuwa na yangu. Adabu mbili zilikaa meza moja, na mtoto ndiye aliyeumia.

Barua ilikuja baada ya siku nne. Binti ndiye aliyekuwa msomaji wa barua zetu zote, za umeme, za kliniki, za mwenye nyumba. Aliifungua amesimama, akaanza kunitafsiria, akarudi kuusoma mstari uleule.

"Endelea," nikasema.

Akaendelea. Barua ilisema kwa kuwa mzazi amekubali yaliyotokea, alama za mtihani zimefutwa, na mtoto atawekwa darasa la kawaida. Ile misalaba waliiona ni majibu ya siri kutoka kwa mtu mwingine. Binti akaiweka barua mezani, akaniambia kwa Kiingereza, polepole ili nielewe kila neno, kwamba nimewaambia yeye ni mwizi.

Nikamweleza kwamba kwetu ndivyo mtu anavyoingia. Akaniuliza, "Kama sikufanya kitu, kwa nini uliomba msamaha?"

Akakibandua kile kikaratasi kwenye friji, akakikunja kidogo kidogo mpaka kikawa kama mbegu. Kuanzia hapo akawa anafanyia hesabu zake chumbani, amefunga mlango, na mimi nakaa mezani peke yangu na chai inayopoa. Roho iliniuma, sitasema uongo. Nimepita mambo mengi katika kukimbia kwetu, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni mimi niliyemfungia mwanangu mlango.

Jumamosi nikaendesha gari mpaka Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus, kwa dada yangu mkubwa. Yeye alikuwa anawahudumia wazee wa mtaa wa Clintonville majumbani mwao, anawaogesha na kuwalisha, na kazi hiyo ilimfundisha kunyamaza. Nilimsimulia yote huku anakunja nguo.

"We, acha ile kesi," akasema kwa Kiswahili chetu cha Kivu, chenye Kifaransa ndani. "Mutoto iko anasoma, iko anakula. Bon, unataka nini ingine? Tulikuya hapa kutafuta amani."

"Minataka bafute ile neno."

"Neno gani?"

"Mwizi."

"Habakuandika mwizi."

"Dada, baliandika bila kuandika."

Akatikisa kichwa. Lakini dada yangu ananijua, mimi jambo likishanikaa kooni silimezi. Akachukua simu yake mwenyewe akampigia baba, aliyekuwa Buffalo nyumbani kwa kaka yetu, mzee wa miaka sabini na kitu anayechungulia theluji dirishani na kuitukana. Nikamtumia picha ya nakala ya mtihani iliyokuja pamoja na barua. Tulisubiri kitambo huku tunasikia anamwagiza kaka aikuze ile picha, bado, ikuze tena.

"Hizi misalaba, nani alimufundisha?" akauliza.

"Mimi, baba."

"Na wewe, nani alikufundisha?"

"Wewe."

Akakohoa. "Donc banasema mwizi ni mimi. Juu hii hesabu ni yangu."

Nikamwambia na lile nililokuwa naliogopa, kwamba niliingia kwa kuomba msamaha. Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza.

"Kwetu ulifanya vizuri," akasema. "Kwabo ulifanya mubaya. Sasa urudi. Na mara hii usiombe pardon. Uombe ubao."

Dada yangu aliacha kukunja nguo. Akanifungia chakula cha njiani, na hakunitajia amani tena.

Jumatatu, wakati wa chakula ghalani, nilikata upande wa boksi kwa kisu cha kazi, nikachukua kalamu nene tunayoandikia mizigo, nikaandika 7854 gawanya kwa 23. Nilitaka kujua jambo moja tu: je, hesabu ya baba ni ya ajabu hivyo? Nikaifanya mimi kwanza, jibu 341 baki 11, na msalaba wangu pembeni, tano juu, nane chini, sita kushoto, sita kulia. Kisha nikamsogezea boksi jamaa kutoka Kuba aliyekuwa anapakia nami. Akacheka, akaifanya vilevile, namba ya kugawia upande wa kulia, kutoa kote kichwani. Msalaba hakuujua. Mama wa Kinepali aliyekuwa anabandika lebo akaweka namba ya kugawia kushoto na jibu kulia, akaandika kutoa kote kwa mwandiko mzuri kuliko wetu sote. Wa nne alikuwa Mmarekani mweusi, mama wa miaka hamsini, dereva wa foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, ambaye sikuwahi kumwona akikwaruza hata boksi moja. Akachora kitu kama paa la nyumba, akaweka jibu juu ya paa, akashusha mistari mpaka boksi likakaribia kumwishia.

Njia nne, na chini ya kila moja 341 baki 11. Tulikitazama kile kipande cha boksi kwa kicho kidogo, sioni haya kusema. Miezi tuliyokula pamoja tulikuwa tumeonjeshana wali, maharage na dengu, tukaambiana ni tamu. Hakuna aliyejua kichwa cha mwenzake kinatembeaje.

Dereva wa foklifti akauliza kwa nini nauliza. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha ghalani. Hakucheka.

"Ndani ya chumba kile," akasema, "msamaha ni sahihi ya mkono. Ulitia sahihi." Halafu akanisimulia kwamba alipokuwa na umri wa binti yangu, jiji hili liliwapandisha watoto weusi mabasi kuwapeleka shule za upande wa wazungu, na wazungu wengine kuwaleta upande wao, ili wasome pamoja. Watu walisimama barabarani wakiyazomea mabasi. Mwalimu wake wa kwanza kule alimkalisha nyuma kabisa, akaamini hajui kusoma, mpaka mama yake alipokwenda na kukaa darasani asubuhi nzima bila kuondoka. "Hakusema neno," akaniambia. "Alikaa tu. Una miadi lini?"

"Sina bado."

"Ikiwepo, nitakuja kukaa."

Nilipiga simu shuleni siku hiyo hiyo, nikapiga na kesho yake, na siku ya tatu wakanipa Alhamisi, watoto wengine wakishapanda mabasi. Binti nilimwambia asubuhi. Aliuliza kama nitaomba msamaha tena. Nikamwambia hapana. Akanitazama kama mtu anayepima sukari ya duka asiloliamini.

Tulikuwa chumba kilekile, simu ileile katikati. Dereva wa foklifti alikuja na buti zake za kazi, akavuta kiti karibu na changu, akakunja mikono. Mkuu wa shule alitazama buti, akamtazama na mwenye buti, akauliza yeye ni nani. "Rafiki," akajibu, na hilo ndilo neno pekee alilolisema mpaka mwisho.

Nikaanza bila hodi yetu. Sikushusha mabega. Mwili mzima ulinikataza, maana kuingia kwa mwalimu bila msamaha ilikuwa kama kuingia kanisani na kofia, lakini nikapiga moyo konde. Nikasema, "Siku ile nilisema mutusamehe. Kwetu ni salamu. Haikuwa kukubali. Mutoto hakuiba. Naomba ubao."

Mkuu wa shule akaanza kueleza kwamba uamuzi umeshatolewa. Nikakiweka kile kipande cha boksi mezani, juu ya makaratasi yake. Mwalimu mwenye miwani akainama akakisoma, kidole kikitembea kutoka njia moja kwenda nyingine, na kilipofika kwenye msalaba kikasimama. Akasema, bila kumtazama mkuu, kwamba ubao upo ukutani.

Akampa binti namba mpya, kubwa. Binti alisimama mbele ya ubao akiwa ametugeuzia mgongo, na kwa muda hakufanya kitu, nami nikaogopa kwamba nimechelewa, kwamba kile alichokikunja kama mbegu hakitakunjuka tena. Kisha akaandika. Alikwenda haraka, kutoa kote kichwani, akachora msalaba, akaujaza, akarudi nyuma hatua moja.

"Umejuaje kwamba ni sahihi?" mwalimu akauliza.

"Pande mbili zinalingana," binti akasema, akamweleza moja baada ya jingine, kwa Kiingereza ambacho mimi sikuwa nacho, kitu ambacho baba yangu alikifundisha kwa chaki ya kuhesabika.

Mwalimu naye akachukua kalamu. Akajiandikia 9416 gawanya kwa 37, akaifanya kwa njia yao, paa na mistari yote, safi kabisa. Akapata 254 baki 28. Akamwomba binti aitilie msalaba. Binti akaandika moja juu, mbili chini, tatu kushoto, mbili kulia. Akasita. Akageuka akanitazama mimi, siyo mwalimu, na nikaona anauliza kama mtoto anaruhusiwa.

"Sema," nikamwambia.

"Samahani," akaanza, halafu akaliacha neno hilo njiani. "Pande zako hazilingani."

Mwalimu akarudia mstari kwa mstari. Mia sitini na sita toa mia arobaini na nane. Alikuwa amekopa kumi akasahau kwamba amekopa. Baki ilikuwa 18. Uso ukamwiva kwa haya, akafuta kwa kiganja, akaandika upya, na msalaba ukakubali. Nitamheshimu daima kwa alichofanya baadaye. Alimgeukia mkuu wa shule akasema yeye ndiye aliyesahihisha mtihani huu, yeye ndiye aliyekosea kuusoma, na anataka barua ifutwe leo, siyo kesho. Kisha akaniuliza kama anaweza kubaki na kile kipande cha boksi akakiweke ukutani darasani. Nikamwambia hapana, ni changu, lakini anaweza kupiga picha.

Barua mpya iliandikwa tukiwa tumekaa palepale. Binti aliisoma kimya mara mbili. Aliingia darasa la juu.

Nimesikia hotuba nyingi nchi hii kuhusu uzuri wa watu mchanganyiko kukaa pamoja, na hupigiwa makofi. Mimi naamini uzuri huo, lakini si kwa sababu ya kitenge. Nauamini kwa sababu hesabu iliyofanywa na watu wa namna moja kwa njia moja inaweza kuwa na kosa, na wote wakaliona ni sawa.

Dereva wa foklifti alitupungia mkono kwenye maegesho, akaenda zake. Mimi na binti tukaingia garini. Sikuwasha. Kwetu mzazi hamwombi mtoto msamaha; atampikia anachokipenda, atamnunulia viatu, mtoto ataelewa. Nilikuwa na nia ya kupika. Lakini nilikumbuka jinsi nilivyowamwagia msamaha wangu watu ambao sikuwakosea, mara mbili, bila hata kuulizwa, na mtu mmoja niliyemkosea alikuwa amekaa hapa kando yangu anafunga mkanda.

"Mama," nikamwita, maana ndivyo tunavyowaita mabinti zetu tukiwapenda, "unisamehe. Mi njo nilikukosea."

Alitazama mbele, kwenye mabasi ya njano yaliyobaki. Watoto wetu hutujibu kwa Kiingereza, hata tukiwauliza kwa lugha yoyote. Akavuta pumzi, akakunja uso hasa kama ninavyoukunja mimi, na akanijibu kwa maneno niliyomwambia mwenyewe kila alipovunja kikombe.

"Bon, nimekusamehe. Lakini usirudilie tena."

Nikawasha gari.